Uhuru, kopo la gesi na kidani cha shilingi 3,500

Mnaonitembelea hapa mmezoea nikiandika kuhusu programu, simu na kompyuta zinazokataa kuwaka. Leo naomba ruhusa tutoke nje ya njia kidogo, tuzungumze historia ya fizikia. Msikimbie! Hakuna hesabu ngumu, na kabla ya kumaliza tutapitia Malindi.

Kisa chenyewe kimeanzia hapa hapa mtaani Ziwani. Kuna mama jirani yangu ambaye ana kibanda cha mboga upande wa kuelekea Kariokor. Siku moja nilikwenda kununua sukuma wiki nikamwona amevaa kidani cheusi, cha mviringo, kizito kama jiwe.

"Kijana wangu, wewe si mtu wa kompyuta? Basi hii utaielewa. Ni ya kwanta."

Alikuwa ameuziwa shilingi 3,500 na mtu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Kidani kilikuja na karatasi. Karatasi ilisema kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa kitu hakina mahali maalumu mpaka kitazamwe, na kwamba akili ya mtazamaji ndiyo inayoamua kitakavyokuwa. Kwa hiyo ukitazama mwili wako kwa imani kwamba ni mzima, utakuwa mzima. Nikamuuliza kama bado anameza tembe zake za presha. Akasema ameziacha, siku ya kumi hiyo.

Nikamwambia, "Mama, huu ni uongo." Akaniuliza uongo uko wapi hasa. Nikaanza kueleza, nikakwama katikati, mkono mmoja umeshika mfuko wa mboga. Shida ni kwamba nusu ya kwanza ya ile karatasi inafanana na jambo ambalo wanafizikia husema kweli. Uongo ulikuwa umejibanza nyuma ya ukweli, na sikujua mpaka uko wapi. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

MDUDU ANAYEKIMBIA UKIMTAZAMA

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Sisi waandishi wa programu tuna utani wetu kuhusu aina fulani ya hitilafu: programu inaanguka kila siku, lakini ukiongeza mstari mmoja wa kuchapisha thamani ili uone kinachoendelea ndani, inaacha kuanguka. Ukiutoa ule mstari, inaanguka tena! Hitilafu hiyo tumeipa jina la Werner Heisenberg, kwa sababu kuipima kunaibadilisha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kwanta ni hivyo tu. Nilidhani elektroni ina mahali pake, kama thamani iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ila vyombo vyetu ni vizito mno, vikienda kuisoma vinaigonga na kuisogeza. Sikuwa peke yangu. Mwaka 1927 Heisenberg mwenyewe alieleza jambo lake karibu hivyo, kwa mfano wa darubini inayotumia miali ya gama kuitazama elektroni: mwali unaigonga, mwendo wake unavurugika. Niels Bohr, mwalimu wake kule Copenhagen, alimwambia maelezo hayo hayatoshi. Tatizo lina kina zaidi ya kugongwa.

WIMBI NA NUKTA

Mtaa wetu unaitwa Ziwani, ingawa ziwa lenyewe mimi sijaliona. Basi tutumie karai. Mvua ikinyesha weka karai la maji chini ya bati. Tone likianguka katikati, duara la wimbi linasambaa mpaka kwenye kingo zote. Ukiuliza "wimbi liko wapi?", jibu ni kwamba liko pote kwenye karai. Halina nukta moja.

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger aliandika mlinganyo unaosema kwamba elektroni husambaa namna hiyo. Hesabu inayoeleza usambaaji huo wanaiita fankisheni ya wimbi. Mlinganyo ulifanya kazi vizuri ajabu. Rangi za mwanga wa atomu ya haidrojeni zilitoka sawasawa. Lakini palikuwa na tatizo moja ambalo hata mtoto angeliona. Ukiielekeza elektroni kwenye kioo kinachong'aa inapogongwa, huoni wimbi. Unaona nukta moja tu, mahali pamoja.

Max Born ndiye aliyeziba pengo hilo, mwaka huo huo wa 1926. Alisema wimbi halituambii elektroni iko wapi. Linatuambia uwezekano wa kuikuta hapa au pale. Na hapa waandishi wenzangu wa programu mtacheka: kwenye matini ya makala yake Born aliandika kanuni kwa kasoro, kisha akaongeza tanbihi ya marekebisho inayosema kwamba uwezekano unatokana na kipeo cha pili cha wimbi. Kanuni ambayo fizikia yote ya kwanta imeiegemea tangu siku hiyo iliingia kama kiraka cha dakika ya mwisho! Born alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954, miaka 28 baadaye.

Picha nzuri ya jambo hili ilipatikana miaka mingi baadaye. Mwaka 1976 Waitaliano watatu, Merli, Missiroli na Pozzi, walichapisha jaribio ambalo elektroni zilipita moja moja, na mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake huko Japani wakalirudia kwa picha zilizo wazi zaidi. Elektroni ya kwanza inaacha nukta. Ya pili, nukta nyingine, mbali kabisa. Zikiwa kumi huoni mpango wowote, kama punje za mchele zilizomwagika. Zikifika maelfu, mistari inaanza kujitokeza: giza, mwanga, giza, mwanga. Hiyo ni alama ya wimbi. Kila elektroni imefika kama nukta, lakini zote pamoja zimepangwa na wimbi.

EINSTEIN ANAULIZA SWALI

Oktoba 1927 mabingwa wa fizikia walikutana Brussels kwenye mkutano wa Solvay. Albert Einstein akasimama na mfano mwepisi. Elektroni inapita kwenye tundu dogo. Wimbi lake linasambaa kama nusu ya tufe na kuifikia filamu iliyokunjwa kulizunguka, pande zote kwa pamoja. Kisha nukta inatokea mahali pamoja. Je, sehemu nyingine zote za filamu zimejuaje kwamba zisitoe nukta? Wimbi lililokuwa pote limekwenda wapi?

Kwa Einstein jibu la busara lilikuwa kwamba elektroni ilikuwa na njia yake tangu mwanzo, sisi ndio hatukuijua. Basi nadharia haijakamilika. Wengine waliona kwamba kabla ya kipimo hakuna mahali pa kujulikana, na kipimo kinapofanyika wimbi lote linaporomoka na kuwa nukta. Huko ndiko kunakoitwa kuporomoka kwa wimbi.

Mwaka 1932 John von Neumann alichapisha kitabu kilichoyaweka haya yote kwenye hesabu safi, na hapo ufa ukaonekana waziwazi. Kuna kanuni mbili. Ya kwanza ni mlinganyo wa Schrödinger: wimbi linasambaa polepole, bila bahati nasibu. Ya pili ni kuporomoka: ghafla, kwa bahati nasibu, wakati wa kipimo. Lakini kipimo ni nini? Chombo cha kupimia nacho kimetengenezwa kwa atomu, na atomu zinafuata kanuni ya kwanza. Von Neumann alionyesha kwamba mstari kati ya kipimaji na kinachopimwa unaweza kuuchora karibu popote: kwenye kioo, kwenye jicho, hata ndani ya kichwa cha mtazamaji, na matokeo ya hesabu hayabadiliki.

Hapo kwenye kichwa ndipo yule mwuza kidani alipopatia mlango wake. Mwaka 1939 Fritz London na Edmond Bauer waliandika kwamba ufahamu wa mtazamaji una nafasi maalumu katika kipimo. Mwaka 1961 Eugene Wigner, ambaye miaka miwili baadaye alipata Nobel, akalitetea wazo hilo kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo karatasi ya mama haikutunga kila kitu. Ilichukua wazo la watu wakubwa, likakatwa mkia, likabandikwa bei.

TUNAFIKA MALINDI

Sasa twende Pwani. Kaskazini mwa Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu mirefu. Yaliwekwa na Waitaliano miaka ya 1960 chini ya Luigi Broglio, na jukwaa la kurushia roketi likaitwa San Marco. Kwa nini huku kwetu? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, kama nyuzi 3 tu kusini. Hapa dunia inazunguka kwa kasi ya takribani kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapewa msukumo huo bure.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Marekani aina ya Scout iliruka kutoka San Marco ikibeba setilaiti ndogo ya kutazama eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru. Marjorie Townsend, aliyekuwa meneja wa mradi huo wa NASA, akaipa setilaiti jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973.

Ndani yake mlikuwa na nini? Nitaeleza kwa lugha ya mtaani: makopo ya gesi. Kila kopo lilikuwa na dirisha jembamba la madini ya berili na ndani yake gesi ya arigoni. Fotoni ya eksirei, yaani chembe ya mwanga wa eksirei, ikiingia na kumezwa na atomu ya arigoni, inaing'oa elektroni. Elektroni hiyo inazing'oa nyingine, na zile nyingine, mpaka umeme unaruka kwenye waya. Tik! Moja imehesabiwa. Hesabu zikatumwa duniani kwa redio.

Mbele ya makopo palikuwa na kizuizi cha mirija myembamba, kama unapotazama kupitia fungu la mirija ya soda: unaona kipande kidogo tu cha anga. Setilaiti ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takribani dakika 12. Nyota ikianza kuingia kwenye mirija, hesabu zinapanda, ikitoka, zinashuka. Kilele kinakuambia nyota iko upande gani. Tazama basi jinsi mahali pa nyota palivyopatikana: tik moja haikuambii chochote, lakini maelfu ya tik yakipangwa pamoja yanachora ramani.

Ramani hiyo ilikuwa kubwa. Orodha ya nne ya Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3 inapiga kama moyo, kila sekunde 4.8. Ndiyo iliyoonyesha kwamba Cygnus X-1 inapepesa haraka mno kuwa nyota ya kawaida, na vipimo vya mahali pake vikasaidia wengine kuitambua nyota inayozunguka nayo. Leo tunajua Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vinalipa uzito wa takribani jua 21, umbali wa miaka ya nuru kama 7,200. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya Uhuru, alipata Nobel mwaka 2002.

Na mnajua jambo lililonifurahisha zaidi? Wanaastronomia wakitaja chanzo kama 4U 1820-30, ile herufi U ni Uhuru. Neno letu, limebaki kwenye majina ya nyota.

KOPO HALINA AKILI

Sasa unganisha mambo haya na swali la Einstein. Fotoni inaondoka kwenye gesi ya moto karibu na Cygnus X-1. Kwa hesabu za kwanta, wimbi lake linasambaa kwa miaka 7,200. Likifika kwetu limetanda kwenye eneo lisiloelezeka, si kwenye karai tena. Kisha ndani ya kopo moja dogo, juu ya dunia, atomu moja ya arigoni inaimeza fotoni nzima. Nishati yote, mahali pamoja. Ni lile lile jambo la Brussels, isipokuwa tundu sasa ni nyota na filamu ni kopo lililorushwa kutoka Ngomeni.

Nani alikuwa akitazama? Hakuna. Mle ndani hamna mtu, jicho wala imani. Pana gesi, waya na umeme. Tik zilihesabiwa wanasayansi wakiwa wamelala kitandani Massachusetts, na wavuvi wa Ngomeni wakiwa kwenye ngalawa zao.

Mbishi anaweza kusema kwamba labda tik haikuwa tik mpaka mtu alipoisoma. Sawa, hesabu haimkatazi. Lakini wazo hilo lilizidi kupungua nguvu, na mwaka ule ule wa 1970 Mjerumani H. Dieter Zeh alichapisha makala iliyoonyesha kwa nini. Kitu kikubwa kama kopo hakiko peke yake. Kinagongana na hewa, mwanga, joto, mabilioni ya chembe. Ule mpangilio wa wimbi unamwagika kwenye mazingira na haukusanyiki tena. Mazingira yanatosha kuifanya tik ionekane tik. Baadaye Wigner mwenyewe akaliacha lile wazo lake la ufahamu.

Siwaambii kwamba kila kitu kimeeleweka. Kazi ya Zeh inaeleza kwa nini tunaona tik hii au ile badala ya mchanganyiko. Haielezi kwa nini imekuwa hii. Wafuasi wa Hugh Everett (1957) husema yote hutokea, kila moja kwenye tawi lake. David Bohm (1952) alirudisha wazo la kwamba chembe ina mahali pake tangu mwanzo, inaongozwa na wimbi. Lakini John Bell alionyesha mwaka 1964, na majaribio yaliyopewa Nobel ya 2022 yakathibitisha, kwamba anayetaka thamani zilizofichwa namna hiyo lazima akubali pia kwamba vitu vilivyo mbali vinaathiriana papo hapo. Ghirardi, Rimini na Weber walipendekeza mwaka 1986 kwamba mawimbi huporomoka yenyewe, mara chache sana, bila mtazamaji. Wazo la aina hiyo linaweza hata kupimwa: mwaka 2020 wanasayansi walitangaza kwamba, chini ya mlima wa Gran Sasso huko Italia, waliutafuta mnururisho ambao kuporomoka kunakosababishwa na mvutano kungeutoa, hawakuuona, na toleo rahisi la wazo hilo likaondolewa.

Lakini tazameni kitu kimoja. Hawa wote wanabishana juu ya mambo makubwa, na bado hakuna hata mmoja wao, hata Wigner wa 1961, aliyesema kwamba mtazamaji anachagua jibu. Kanuni ya Born haina nafasi ya matakwa. Uwezekano unatoka kwenye wimbi, basi. Timu ya Giacconi haikuitamani Centaurus X-3 ipige kila sekunde 4.8. Iliwashangaza! Hapo ndipo mpaka niliokuwa nikiutafuta. "Kabla ya kipimo labda hakuna mahali maalumu" ni fizikia. "Akili yako inaamua mahali" ni biashara.

KURUDI KIBANDANI

Nilirudi kwa mama na daftari langu. Nikamweleza karai, nukta, na kopo la Malindi. Alisikiliza huku akikata sukuma. Kisha akaniuliza:

"Kwa hiyo ni kama kura ya chama?"

Kwenye chama chao wanaandika majina kwenye vikaratasi, wanavitia kwenye kikombe, na atakayetoka ndiye anayepokea pesa za mwezi. Nikamwambia ni karibu hivyo, ila pana tofauti moja kubwa. Kwenye chama jina limeshaandikwa kabla hujafungua karatasi. Kwenye kwanta wengi wanaona kwamba karatasi haina jina mpaka ifunguliwe.

"Lakini anayefungua hachagui jina," akasema.

"Hachagui, mama. Hapo zinafanana kabisa."

Akanyamaza kidogo. "Ningekuwa nachagua, ningepokea kila mwezi." Akacheka, mimi nikacheka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na shilingi zangu 3,500?"

"Hizo zimeenda, mama."

Jumatatu iliyofuata kibanda kilifunguliwa saa tano, kwa sababu asubuhi alikuwa kwenye foleni ya kliniki. Presha ilikuwa juu, akarudishiwa tembe zake na kuonywa asiziache tena. Kidani bado anacho. Anakitumia kuzuia karatasi za kufungia zisipeperuke, na kwa kazi hiyo, nakubali, kinafanya vizuri.

Tukutane tena wiki ijayo, turudi kwenye programu.